Ngurumo, Mjukuu wa Ngurumo

Nabisha hodi na ngano.
— Karibu, mlango hauna komeo.
Nimebeba uongo kichwani.
— Utue hapa, tuufungue.

Basi. Wanyama wa upande huu wa mto walikuwa na lori moja, na injini ya lori hilo ilikuwa na jina. Iliitwa Ngurumo. Kubwa kama kichuguu, nyeusi kwa oili. Ikiwaka husema ngurr-ngurr-ngurr, vikombe vinatembea mezani.

Soko lilikuwa ng'ambo, na kivuko kilikuwa cha Kiboko. Zamani babu yake Kiboko alinasa matopeni, Ngurumo ikamvuta kwa kamba, ikamtoa. Babu akaapa mbele ya watu: "Ngurumo itapita hapa siku zote. Gari lenye injini nyingine halipiti." Babu akafa. Mjukuu akakikalia kivuko.

Siku moja, msimu wa nyanya, lori limejaa, Ngurumo ikasema ngurr, ikasema ngu, ikasema pwaa. Ikafa.

Fundi alikuwa Panya. Dereva alikuwa Kobe. Mwenye nyanya alikuwa Mama Kanga, na mwaka ule hakulima kitu kingine. Watoto tisa, nyanya tu. Basi hakukaa chini. Anazunguka lori, anachungulia tenga, anazunguka tena.

"Tunaondoka lini, fundi? Nyanya zinalainika."

"Subiri, mama."

Anazunguka. Anabonyeza moja.

"Fundi, zinalainika."

Panya akaokota vyuma, akakata, akagonga, ko-ko-ko, siku mbili hajala. Akaunda injini mpya. Ndogo, nyepesi, ikiwaka husema ti-ti-ti-ti. Lori likaondoka, Mama Kanga juu ya matenga, hatulii.

Kufika kivukoni, maji yakafunguka, bwaa. Kiboko huyo.

"Mbona sisikii ngurr? Injini gani hiyo?"

Kobe hajui kusema uongo. "Mpya, bwana mkubwa. Haina jina bado."

"Basi haipiti. Babu aliruhusu Ngurumo tu. Ninyi rudini, nyanya ziacheni hapa kwangu, nitazitunza." Akalamba mdomo, lwap.

"Atazitunza tumboni," Mama Kanga akanong'ona.

Wakageuza lori. Njiani Kobe analia, Mama Kanga anatembea juu ya matenga, huku na huko, huku na huko. Panya anatafuna waya.

Sasa, kwa wanyama wa mto ule mjukuu akizaliwa hupewa jina la babu. Akishapewa, amekuwa babu. Hata bibi kizee humwita kitoto kile "mume wangu," na kigoda cha babu ni chake, na shamba la babu ni lake. Hakuna anayebisha.

Asubuhi Panya akaita majirani. Wakaizika Ngurumo, wakakaa tanga, fupi tu, maana nyanya hazingoji. Halafu akachukua mkaa, akaandika ubavuni mwa injini mpya. N, G, U. Akapumua. R, U. Akapumua. M, O. Kobe akaweka kidole chini ya kila herufi, akasoma taratibu, "Ngu-ru-mo," akarudia mara tatu bila kukosea, majirani wakapiga vigelegele.

Kesho yake alfajiri wakarudi kivukoni. Ti-ti-ti-ti. Bwaa, Kiboko huyo, na safari hii wadogo zake wanne wameibuka nyuma yake, macho tu juu ya maji.

"Shikamoo, babu," akasema Panya.

"Marahaba. Nani huyo analia kama mbu?"

"Ngurumo."

Kiboko akacheka mpaka mto ukamwagika kando. "Ngurumo ninaijua mimi. Ilikuwa kama kichuguu. Hiki ni kikopo."

"Ni mjukuu. Amepewa jina jana. Babu, kwani wewe unaitwa nani?"

"Zongo."

"Na aliyetolewa matopeni?"

"Zongo. Babu yangu."

"Nasikia Zongo yule alikuwa na pengo mbele, na mgongo una kovu. Wewe meno yako yote yapo. Hiki kivuko umekipataje, babu?"

"Kwa jina," akasema Kiboko.

Nyuma yake mdogo wake wa kwanza akasogea. Wa pili akasogea. Wa tatu akauliza kwa upole, "Kaka, kwani jina halirithishi kitu? Maana kama halirithishi, sisi tuna maneno kuhusu hiki kivuko."

Kiboko akatazama mbele, kikopo. Akatazama nyuma, macho manane. Mama Kanga akabonyeza nyanya.

"Ngurumo," akasema Kiboko, sauti ndogo sana, "umekonda, ndugu yangu. Pita."

Ti-ti-ti-ti, wakapita. Nyanya zilifika zimelegea kidogo, lakini zikaisha kabla ya adhuhuri.

Sokoni watu wakauliza, "Lori lenu injini gani?"

"Ngurumo."

"Aa, ile. Tunaijua, ngumu sana."

Hakuna aliyefungua boneti. Tangu siku ile Panya kila akiunda injini huiita Ngurumo, hata ile iliyoshindwa kupanda kilima cha shule. Watengeneza magari walikuwa wanapita sokoni, wakasikia, wakanyamaza, wakaenda kufanya hivyo hivyo hadi leo.

Ngano nimeitua, kata ya kichwani nawarudishia.
— Chukua maji unywe, umetudanganya vizuri.

Fundisho lake ni hili: jina si kitu, kitu kipya kipeni jina jipya, watu wataelewa tu. Mkibisha mkamuulize Kiboko. Ila mwiteni Zongo, la sivyo haitiki.