Chui wa Ng'ambo na Jina la Mjukuu

Wewe uliyepinda mdomo kabla sijakaa vizuri, unyooshe. Kwa kuwa hujawahi kumwona chui ukiwa majini, basi hakuna aliyemwona? Hata ini lako hujawahi kuliona, na unalo. Nyamaza usikilize. Kubisha utabisha baadaye, maana hadithi hii yenyewe ni ya kubishana.

Palikuwa na wanawake watatu kwenye mto Rufiji, kazi yao kuwatembeza watu kwa boti wakatazame wanyama. Wa kwanza Havijawa, mwenye masikio. Tumbili akikohoa ng'ambo, Havijawa anakwambia kama amepaliwa na tunda au ameona adui. Wa pili Kibibi, mwenye mikono. Huyo alipitisha boti kati ya viboko kama mtu anavyopita kati ya wakwe waliosinzia. Wa tatu Tausi, binti mdogo kuliko wenzake, mwenye macho. Kifaranga cha kware kikilala kwenye majani makavu, wewe utakikanyaga. Tausi atakwambia kimelalia ubavu gani.

Siku moja walimpakia Mzee Mketo. Nyumbani kwake kulikuwa na mjukuu wa kike, siku yake ya saba, hajapewa jina, na jina ni la babu kutoa. Lakini mzee alikuwa na donda lake. Alizaliwa kando ya mto, akazeekea hapo hapo, chui wakamlia mbuzi miaka nenda miaka rudi, naye hajamwona hata mmoja. Barazani walimwita "Mketo Nyayo", kwa kuwa alichowahi kuona ni nyayo tu. Binti yake akamwonea huruma. "Nenda leo, baba. Mtoto atakungoja mpaka alasiri."

Boti ilipofika katikati, mzee akachota maji kwa kiganja, akasukutua, akatema. Kwao, neno ulilolisema baada ya kusukutua maji ya mto halirudi kinywani.

"Atakayefanya nimwone Bwana Madoa leo," akasema, "mjukuu wangu atachukua jina lake. Jina moja, la mtu mmoja."

Bwana Madoa ndiye chui. Majini hatajwi kwa jina. Wanasema ukimtaja, atakuona wewe kwanza.

Wanawake wakatazamana. Halikuwa jambo dogo. Mtoto aliyepewa jina lako ni wajina wako: atakuchotea maji ukizeeka, na ukifa bado yuko anayeitwa akaitika. Havijawa hakuzaa. Kibibi alizaa wavulana watupu, na nani atamwita mvulana Kibibi? Tausi alikuwa bado kijana, lakini jina lile alilirithi kwa bibi yake aliyemlea, naye hakutaka liishie kwake.

Wakaona mamba. Wakaona tembo akijimwagia tope. Mzee akapiga miayo. "Huyo hata shambani kwangu huja, tena bila kualikwa."

Ghafla Havijawa akainua kidole. "Zima injini."

Kibibi akazima.

"Mnasikia?"

"Nasikia tumbo la babu," akasema Tausi.

"Hebu funga bakuli lako. Tumbili wa ng'ambo wanatukana. Na si nyoka; angekuwa nyoka wangemtukana kwa sauti nyembamba. Bwana Madoa yuko kwenye ile mikuyu."

Lakini kati yao na mikuyu alikuwepo kiboko jike na mwanawe, na kuwasha injini ni kumfukuza mnayemtafuta. Kibibi akachukua upondo, akauzamisha taratibu bila kurusha tone. Boti ikateleza kati ya kiboko na fungu la mchanga, pembamba pale, hata mzee akakunja miguu ingawa ilikuwa ndani. Kiboko akafungua kinywa, akakosa wa kugombana naye, akakifunga.

"Wacha wee!" mzee akanong'ona. "Mama huyu atapita hata tundu la sindano."

Wakafika chini ya mikuyu. Tumbili wamekwisha kunyamaza. Mzee akatazama majani, vivuli, majani tena, mpaka shingo ikamuuma, na moyo ukaanza kumwambia kwamba atakufa Mketo Nyayo. Havijawa hakuona kitu. Kibibi hakuona kitu, akaanza kugeuza boti.

Tausi akamshika mzee kidevu. "Samahani, babu." Akamgeuza uso. "Unaliona tawi lile lenye nundu? Nundu hiyo inapumua."

Mzee akaona. Kwanza mkia, kisha ubavu, kisha macho mawili ya rangi ya asali. Na mgongoni kwa mama mtu amejilaza mtoto wake, anamtafuna sikio.

"Chui!" mzee akapayuka, mwiko ukamtoka kichwani.

Chui akamtazama, akaona si wa kumsumbukia, akalaza kichwa. Mzee Mketo akacheka peke yake, akatulia, mikono magotini, kama mtu aliyekula akashiba mahali alipoalikwa.

Kurudi, sasa, ndiyo ikawa kesi.

"Bila sikio langu," akasema Havijawa, "mngekuwa mnahesabu mamba mpaka sasa."

"Na sikio lako lingeogelea?" akauliza Kibibi. "Nani aliyekuvusha kwa yule kiboko?"

"Mlifika, hongereni," akasema Tausi. "Mkakaa chini ya mnyama mkitazama majani. Ulikuwa unageuza boti, mama Kibibi, au nasema uongo?"

Walimfuata mzee hadi nyumbani. Alasiri imeingia, mtoto akawekwa mikononi mwake.

"Tumpe yote matatu?" mzee akajaribu.

"Baba, ulisukutua maji ya mto," binti yake akasema. "Jina moja."

Mzee akaadhini sikioni mwa mtoto. Mdomo uko pale pale kwenye kile kisikio, jina bado halijatoka, na wanawake watatu wamesimama mlangoni wamezuia pumzi.

Haya. Ungekuwa wewe ndiye Mketo, ungemtilia mtoto jina la nani? Usinitazame usoni, jibu langu ninalo na sikupi. Na wewe mwenye mdomo uliopinda ndiye uanze. Mimi natoka, na mlango naufunga. Asiufungue mtu humu mpaka mtoto awe na jina.