Somo wa Binti Fumo

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, maana mitungi ya kupumulia majini ilikwisha kufika kwetu, palikuwa na meli iliyozama karibu na pwani. Maji yakitulia, ukiwa juu unaiona yote. Wenye meli sasa ni samaki: chewa mnene kakaa chumba cha nahodha, mikunga wenye meno makali wanachungulia madirishani, na kasa anaingia na kutoka bila hodi.

Fumo alikuwa akiwatembeza wageni humo. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi wa pweza, na mazoea yana taabu! Siku moja alishuka na wenzake, Chausiku na Rukia, kuitazama meli. Mize alibaki mashuani kuangalia mapovu yao. Fumo akamwona pweza, pande la pweza, anaingia tumboni mwa meli. Lo! Mkewe nyumbani amekaribia kujifungua, naye huyo anamfuata pweza! Mtungi ukanasa kwenye wavu mkuukuu, tope likatibuka, asione hata mkono wake.

Mize akaona mapovu ya mtu mmoja yanatoka mbiombio, mahali palepale. Akagonga ngazi ya chuma ya mashua, iliyoshuka majini: nga! nga! nga! Chausiku akasikia, akaingia kwenye tope akipapasa, akaukata wavu, akamtoa. Nje ya meli, hewa ya Fumo ikaisha. Rukia akautoa mpira wa hewa kinywani mwake, akampa, wakapokezana pumzi mpaka juu.

Pweza? Alijiendea zake.

Mtoto akazaliwa, binti. Na desturi yetu, aliyekuokoa hupewa somo: mtoto huitwa jina lake. Jina ni moja tu. Siku ya saba shehe akaja kumpa mtoto jina, na wanawake wote watatu wakafika.

"Nisingegonga mimi, nani angejua?" akasema Mize.

"Kugonga!" Chausiku akacheka. "Hata mpiga ngoma hugonga. Mimi niliingia gizani, na mikunga wamo."

"Ukamtoa aje afie nje," akadakia Rukia. "Pumzi aliyovuta ilikuwa yangu, shoga."

Mize akainama. "Nyinyi mna watoto, mna wajukuu. Mimi sina wa kuniita mama. Nikifa, na jina langu limekufa. Naumia, jamani."

Chausiku akaacha kucheka.

Mke wa Fumo akamgeukia mumewe. "Wewe na pweza wako!" Akampakata mtoto, machozi yanamlengalenga. Shehe akainama sikioni mwa mtoto, akangoja aambiwe jina.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msijifanye mmelala. Shehe anangoja, mgongo unamuuma. Je, nani alistahili?