Mtungi wa Bi Mwanakombo

Sogeeni, masikio yenu ndiyo kuni za ngano yangu. Paliondokea yatima, Mize, akilelewa na jirani ambaye yeye alimwita Bi Mwanakombo tu. Siku moja Mize anateka maji uani, zimwi linalokula watoto wasio na mama likabisha hodi.

“Huyu mtoto wa nani?”

“Wangu,” akajibu Bi Mwanakombo.

“Mbona hamfanani?”

“Wangu.”

“Ulimzaa?”

Mize akageuka kumsikiliza Bi Mwanakombo, mtungi ukamponyoka, ukavunjika.

“We Mize! Mara ngapi nakwambia ushike kwa mikono miwili? Sogea huko, utajikata.”

Zimwi likashusha pumzi. “Mtoto wa watu hakaripiwi hivi,” likasema, likaenda zake na njaa yake.

Mize akainama kuokota, moyo mweupe.

“Mama,” akauliza, “vigae niviweke wapi?”