Pumzi ya Ghaylan Mchimba Visima

Imepokewa kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika milima ya Yemen alipita mwanachuoni mmoja, jina lake Sheikh Mundhir, aliyesomesha mlango wa mazishi kwa miaka ishirini na miwili. Mlango huo alikuwa ameuhifadhi wote. Hata ungemwamsha usingizini ukamwuliza maiti huanzwa kuoshwa upande gani, maji ya majani ya mkunazi hutangulia au ya kafuri, nani ana ruhusa ya kumwosha nani, angekujibu kabla hajafumbua macho. Watu walisafiri siku tatu kuja kumsikiliza. Jambo moja halikuwa limempata katika miaka yote hiyo, wala hapana mwanafunzi aliyewahi kumwuliza: hakuwa amegusa maiti hata mmoja. Baba yake alifariki yeye akiwa safarini, na mama yake alioshwa na wanawake wenziwe.

Ikawa ameitwa mji wa mbali akawe kadhi. Akatoka na wenzake wanne, na siku ya nne ya safari wakaingia kijiji cha Qarnayn, kilichoko juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka adhuhuri na siku nyingine hauondoki kabisa. Ilikuwa asubuhi, lakini hapakuwa na moshi wa jiko hata mmoja. Watu walikuwa wamesimama kwenye vizingiti vya nyumba zao, wote wameelekea nyumba moja ya mwisho, na walizungumza kwa kunong'ona. Hata mbuzi walikuwa wamefungiwa ndani.

Mzee wa kijiji, aliyeitwa Dahmani, akawaeleza wageni. Katika nyumba ile amefariki Ghaylan, mchimba visima. Hakuwa mtu wao. Alikuja miaka thelathini nyuma, akawachimbia visima saba, wakanywa. Kisima cha nane kiliporomoka, miaka kumi na miwili iliyopita, kikawafunika vijana watatu wa kijiji, na Ghaylan peke yake akatolewa hai, kifua kimejaa vumbi. Tangu siku ile watu walisema kwamba wale watatu wanamwita. Walisema ukipita karibu na nyumba yake utasikia mtu anachimba chini ya sakafu, anachimba, anapumzika, anachimba tena. Kumbe ilikuwa ni kifua chake kikivuta pumzi, lakini nani angethubutu kuingia akatazame? Na mwosha wa wanaume wa kijiji alikuwa amekwenda kuhiji. Wanaume waliobaki, kila mmoja alikuwa na udhuru wake.

Dahmani alipoona kilemba cha Sheikh na vitabu juu ya punda, alimshukuru Mola wake kwa sauti. Akamwomba amsitiri marehemu.

Sheikh Mundhir angeweza kusema kwamba hajawahi. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini wenzake wanne walikuwa wakimtazama, nao ndio watakaosimulia habari zake huko aendako. Akalimeza neno lile, akaagiza maji.

Mlangoni alimkuta mjane, Bi Lubaba, mwanamke wa makamo ambaye mikono yake ilikuwa imechujuka kwa maji, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Qarnayn. Hakujua kusoma. Alimwambia Sheikh, kwa adabu, kwamba amgeuze mumewe taratibu na amshike kichwa, maana kifua chake kina mambo. Sheikh alimkata kauli.

"Bibi, hukumu za maiti tunazijua."

Mama yule akainamisha kichwa, akampisha. Sheikh akawaamuru watu wote wabaki nje. Alisema ni kwa ajili ya sitara ya marehemu. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu aone kuwa mikono yake haijapata kuifanya kazi hiyo.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo, na ukungu ulikuwa ukiingia polepole kama mgeni asiyepiga hodi. Ghaylan alilazwa juu ya kitanda cha kuoshea, chini yake pamechimbwa ufuo wa kupokea maji. Alifunikwa shuka. Kichwani alifungwa kitambaa cha kijani, kilichochanwa kutoka mtandio wa mkewe, kikashika taya lisifunguke. Sheikh alisoma bismillahi, akasimama. Kitabuni maiti hana uzito. Hana ukucha uliovunjika wala ndevu zilizobakia na makombo ya uji aliolishwa jana. Sheikh alitazama makombo yale, akageuza uso.

Akakumbuka kwamba kitambaa cha taya hukaa mpaka viungo vikakamae, na yeye akadhani vimeshakakamaa. Akakifungua. Akakumbuka kwamba maiti huinuliwa kidogo, kama aliyeegemea, kisha tumbo lake likandwe kwa upole. Akapitisha mkono mgongoni, akamwinua kwa haraka, kama mtu atakaye jambo liishe. Kichwa hakikuwa na wa kukishika. Kikaanguka kwenye bega la Sheikh, kinywa sambamba na sikio lake. Na kinywa kile, kilichokuwa kimekufa tangu alfajiri, kikatoa sauti. Ilikuwa ndefu, ya chini, na ya uvuguvugu. Sheikh alipogeuka, ukope mmoja ulikuwa umefunguka, na jicho lilikuwa likimtazama.

Hakujua alivyofika nje. Alijikuta amesimama kwenye ukungu, kilemba kimemdondoka, mbele ya kijiji kizima, na alijisikia akisema, "Amelia. Amenililia sikioni."

Katika mambo ambayo Sheikh Mundhir aliwasomesha watu kwa miaka ishirini na miwili, moja ni hili: aoshaye maiti huficha alichokiona na alichokisikia. Alilisomesha vizuri sana, mpaka watu walikuwa wakitokwa na machozi.

Sasa neno lilikuwa limetoka, na halikuwa na wa kulikamata. Likaenda mlango kwa mlango. Kwamba adhabu imeanza kabla ya kaburi. Kwamba wale vijana watatu wamemshika. Mama wa mmoja wa vijana wale akaanza kulia upya, kilio cha miaka kumi na miwili. Wanaume wakasema mtu huyu hataingia kwenye makaburi ya baba zao, wala hawatamswalia. Atafungwa kamba miguuni, aburutwe mpaka kwenye korongo. Dahmani mwenyewe akatuma kamba iletwe. Bi Lubaba alisikia yote hayo akiwa amesimama kizingitini. Akavuka, akaja mpaka mbele ya Sheikh, na watu wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa wa ndui.

"Sheikh wangu, kitambaa cha taya ulikifungua?"

"Nilikifungua."

"Na ulipomwinua, kichwa ulikishika?"

Sheikh akalishika bega lake, pale kichwa kilipoangukia.

Bi Lubaba akawageukia watu. Hakupaza sauti, ikabidi wasogee ili wamsikie. "Hiyo ni pumzi iliyobaki kifuani, inatafuta njia. Nimewaosha wanawake kumi na tisa wa kijiji hiki, mama zenu na dada zenu wamo. Wako waliotoa sauti kama hiyo mikononi mwangu. Msiniulize ni akina nani. Hamkujua kwa sababu sikusema."

Kila mtu akamfikiria mama yake. Kisha Dahmani, kamba iko mkononi, akamwuliza Sheikh kama asemayo mwanamke huyu ni kweli, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani na yeye ndiye mwenye elimu.

Hapo ndipo Sheikh Mundhir alipotahiniwa. Nafsi yake ilimletea jibu lililo tayari: kwamba alisikia maneno, kwamba waja wa Mungu hufunuliwa wasiyofunuliwa wengine. Wangemwamini. Wangembusu mkono, na wenzake wanne wangeifikisha karama hiyo mpaka mji wa ukadhi. Kilichotakiwa ni Ghaylan kuburutwa tu, na Ghaylan hakuwa na ndugu. Aliona haya kupita kiasi. Lakini alimwona pia mama yule, na mtandio kichwani mwake uliochanwa kipande, na moyo ukamuuma.

"Nilisikia pumzi," akasema. "Woga wangu ndio ulioigeuza kilio. Nami nakiri mbele ya Mola wangu na mbele yenu: sijawahi kuosha maiti, hata mmoja. Huyu bibi alitaka kunifundisha pale mlangoni, nikamfunga mdomo. Nimemvunjia marehemu heshima yake, na nimemzulia. Kama kuna wa kuburutwa leo, si yeye."

Mmoja wa wenzake akatazama chini. Mwingine akacheka puani. Lakini Dahmani aliiangusha kamba, na hakuiokota.

Sheikh akamwambia Bi Lubaba kwamba sheria inamruhusu mke kumwosha mumewe. Jambo hilo alikuwa akilijua tangu asubuhi, na hakulitamka kwa sababu lingemwondolea heshima. Akamwomba amruhusu awe mmimina maji tu. Wakaingia wawili. Mama yule alichovya kiwiko ndani ya maji, akasema ni baridi, yaongezwe moto.

"Bibi, marehemu hasikii baridi."

"Mimi nasikia," akajibu.

Sheikh akaongeza maji ya moto. Aliona namna mkono wa kushoto wa mama yule unavyotangulia kushika kisogo kabla mkono wa kulia haujainua. Aliona anavyotoa makombo ndevuni kwa ncha ya kidole, moja moja. Ilipofika wakati wa kumgeuza, pumzi ikatoka tena, ndefu kama ya kwanza, na nywele za Sheikh zikamsisimka vilevile. Hakumwaga hata tone. Bi Lubaba alimfumba mumewe jicho, akamwambia polepole, "Zimekwisha sasa. Pumzika." Naye Sheikh alilia, na hakuona haya.

Wakamswalia adhuhuri, ukungu ukiwa bado umetanda, na wakamzika kando ya wale vijana watatu. Yule mama wa mmoja wa vijana, aliyelia upya, ndiye aliyesema alazwe hapo.

Ukadhi hakuupata, habari zilimtangulia. Akarudi kwao akaendelea kusomesha, lakini alipoufikia mlango wa mazishi alikuwa akifunga kitabu, anasimama, na kuwaongoza wanafunzi mpaka nyumba yenye msiba, akawa wa kwanza kukunja mikono ya kanzu.

Enyi ndugu zangu, nami niwaandikiaye haya si mbora kuliko ninyi. Nimeusoma mlango wa subira mara nyingi kuliko idadi ya siku nilizosubiri, na mlango wa ukweli nauandika sasa hivi nikiwa na wino kidoleni, sijui siku yangu ya kuambiwa "ulikuwa ndani, sema" nitasema nini. Mola atujaalie tutende hata robo ya tunayoyajua.

Na Sheikh Mundhir alipofariki, wanafunzi wake wawili ndio waliomwosha. Wakamwinua, mmoja ameshika kisogo. Kama alitoa sauti au hakutoa, hilo hatulijui mpaka leo, kwa kuwa hawakusema.