Kiboko Alivyotaka Kuliozesha Mume Tumbawe Lake

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati wanyama bado walikuwa na sebule na mazulia, Mzee Kiboko alikuwa na tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi. Ndani yake alifuga tumbawe moja la zambarau, akaliita Mwanamkuu. Alilipenda kuliko chakula, na Kiboko kwa chakula mnamjua.

Chini ya Mwanamkuu aliishi Bi Kamba, mdogo kama ukucha, ndevu ndefu, mdomo haukai kimya. Tumbawe ndilo lililokuwa paa lake na kuta zake. Siku moja akaona paa linapauka. Akapanda juu, akalipapasa kwa ndevu. Kumbe! Minyoo bapa, myembamba kama ganda la kitunguu, imejibandika kila mahali. Rangi yake zambarau ile ile, nayo inatafuna taratibu, nyam, nyam.

Akamwendea Kiboko, akamweleza kwamba mwanawe analiwa, na dawa yake ni kumwogesha kwa maji machungu ili minyoo idondoke.

Kiboko akabandika jicho kwenye kioo. Hakuona kitu.

"Jicho langu ni kubwa kuliko ukoo wenu mzima," akasema. "Mwanangu hana minyoo, wala haogeshwi maji machungu."

Bi Kamba akarudi chini ya paa lake bovu, akalia. Aliogopa kweli, maana tumbawe likifa, hana pa kulaza kichwa. Lakini kulia ndani ya maji kuna faida gani? Hakuna anayeona. Akanyamaza, akaanza kufikiri.

Asubuhi akagonga kioo, ko ko ko.

"Hongera, mzee. Bwana Kifaru ana tumbawe la kiume. Anataka kumposea Mwanamkuu."

Kiboko alikaa chini, na kiti kikavunjika. Kifaru, mwenye nyumba ya ghorofa!

"Ila mila unazijua," Bi Kamba akaendelea. "Bibi harusi hatolewi bila kusingwa, asuguliwe mwili kwa manukato. Somo wake, wa kumfunda na kumwandaa, ni mimi, na neno la somo halipingwi."

Basi beseni likaletwa, dawa ikamiminwa. Kiboko akauliza mbona singo hii inanuka. Akajibiwa kwamba singo ya matumbawe ndivyo ilivyo. Mwanamkuu akazamishwa.

"Sasa mpulizie baraka zako, baba mtu."

Kiboko akajaza mapua yake mawili. Fuuu! Minyoo ikadondoka, pu, pu, pu, hata sakafu ya beseni haikuonekana.

"Hawa ni nani?"

"Wageni waliokula karamu kabla ya kualikwa."

Kiboko akawamwaga kwa hasira, akaenda kupika pilau. Lakini Bi Kamba alijua mayai ya minyoo hayafi kwa dawa. Akasema bwana harusi ana mafua, tungoje. Mayai yalipoanguliwa, Mwanamkuu akasingwa tena. Safari nyingine bwana harusi alikuwa na chunusi. Kila harusi ilipoahirishwa, Kiboko alikula pilau yote peke yake kwa huzuni. Wakaendelea hivyo mpaka beseni likabaki jeupe, bila mnyoo hata mmoja.

Siku hiyo hiyo Kiboko akakutana na Kifaru njiani, akamuulizia hali ya bwana harusi.

"Bwana harusi yupi?" Kifaru akashangaa. "Mimi nafuga kuku."

Kiboko akarudi nyumbani mbio, ti! ti! ti! Akaachama juu ya tangi.

"Umeniaibisha mtaa mzima!"

Bi Kamba akajibana chini ya paa lake. "Nimekudanganya, baba, kweli. Ila kabla hujanimeza, mtazame mwanao."

Kiboko akatazama. Mwanamkuu alikuwa amefungua maua yake yote, zambarau tupu, yanapepea majini. Lile domo likafungika polepole. Akalia machozi ya kujaza beseni, akamwomba Bi Kamba radhi.

Kisha akajifuta, akajiweka sawa.

"Kamwambie Kifaru," akasema, "posa yake nimeikataa."

Na Kifaru, aliyekuwa anawalisha kuku wake, alipoambiwa akanuna, na amenuna mpaka leo.

Basi, watoto wangu, anayekupenda atakwambia ukweli, na usipomsikia, atauvisha nguo za harusi akuletee tena.