Bastola ya Bwana Kalage

Bwana Kalage, aliyetaka kisima cha kijiji kiwe chake peke yake, alinunua bastola kuukuu, akaipeleka kwa mhunzi, Mama Namkunda.

"Risasi zinakwama. Itengeneze! Kesho nakwenda kuwafukuza watu kisimani."

Namkunda, ambaye naye alichota maji kisimani hapo, aliipokea bastola. "Niachie, bwana. Naapa hutaona risasi ikikwama tena."

Kesho yake Kalage aliielekeza bastola juu kuwatisha wachotaji, akafyatua. Tek! Akafyatua tena. Tek! Watu wakaangua kicheko, wakaendelea kuchota.

Akarudi akifoka. "Mwongo wewe! Si uliapa?"

"Kuna iliyokwama?"

"Hakuna hata iliyotoka!"

"Basi, bwana," alisema Namkunda akivukuta moto, "nilikitoa kile kichuma kinachoigonga risasi ili itoke. Isiyoanza safari itakwama wapi?"