Kamba ya Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kijijini hapa, palikuwa na Mzee Senkondo, mtafuta nyoka. Kila kiangazi, kabla wanawake hawajapanda mlimani kukata nyasi za kuezekea, yeye alitangulia. Fimbo yake tak, tak, tak juu ya mawe. Akimwona moma, nyoka yule mnene mvivu, alimbana kwa panda ya fimbo, akamtia kapuni, akafunga kapu kwa kamba, akaenda kumwachilia upande wa pili wa mlima. Hakuua hata mmoja.

Macho yake yakaingia kiza. Mkwewe, Nyamizi, bi harusi wa mwaka ule kutoka nchi ya tambarare, akamwambia, "Baba, wewe uwe masikio, mimi niwe macho." Mzee alimpenda binti yule, jamani!

Sasa sikilizeni. Huku kwetu mlimani, neno nyoka halikutamkwa. Ukimtaja, unamwita. Watu walisema "kamba". Kila mtoto alilijua hilo kabla ya kuota meno. Kumwambia mgeni? Hakuna aliyekumbuka.

Wakapanda. Tak, tak, tak. Nyamizi mbele na kapu, mzee nyuma. Mara mzee akasikia: Fuuuu!

"Nyamizi! Kamba! Kamba miguuni pako!"

Binti akatazama kapu. Kamba yake haipo, imedondoka.

"Nimesikia, baba. Naiokota."

Akainama, akapeleka mkono nyasini. Fuuuu!

Mzee akambeba mgongoni, akateremka naye, akipapasa njia kwa fimbo. Njiani Nyamizi akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, mbona ulisema kamba?"

Mzee akakaza mwendo. Alipofika nyumba ya kwanza, alikuwa amebeba maiti.

Siku ya matanga akasimama mbele ya watu. "Moma alimuuma. Aliyemuua ni mimi, kwa ulimi wangu."

Tangu hapo, kila alipoletwa bi harusi mgeni, mzee alijikongoja hadi mlangoni kwake. "Mwanangu, hapa kuna nyoka. Nyoka. Nyoka." Watu wakaziba masikio. Yeye akasema vivyo hivyo, machozi yanamtoka, mpaka akafa.

Basi wajukuu zangu, hatari mwambieni mgeni kwa jina lake, hata kama jina lenyewe linawatisha. Mimi nami nililetwa hapa mgeni. Mzee alikuwa ameshazikwa, lakini mama mkwe alinisimamisha mlangoni, sijanywa hata maji, akanitajia nyoka mara tatu. Nikazeeka. Na hadithi yangu inaishia hapo hapo mlangoni.